Gurudumu, Tairi na Rimu: Safari ya Istilahi Kutoka Mpwapwa Hadi Makutupora

Utangulizi

Katika uwanda wa kati wa Tanzania jina la Makutupora ni la mahali pawili. Makutupora ya kwanza iko kaskazini ya jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Kondoa na Babati. Hiyo hujulikana kwa visima vinavyolipatia jiji maji, kwa utafiti wa zabibu, na kwa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Makutupora ya pili iko wilayani Manyoni, mkoani Singida, kwenye njia ya reli, na ndipo kinapoishia kile kipande cha reli ya kisasa kilichoanzia Morogoro. Msafiri asiyeuliza ni Makutupora ipi anaweza kujikuta mbali na alikokusudia, wala hakuna mtu atakayekuwa amemdanganya.

Tumeanza na jina hilo kwa kuwa makala haya yanahusu tatizo la namna hiyo hiyo katika istilahi, yaani neno moja kubebeshwa vitu viwili. Neno tulilolichagua ni gurudumu, pamoja na jamaa zake mpira, tairi na rimu. Tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi maneno hayo yalivyopata maana zake, kisha tuyapime katika kazi moja inayodai usahihi mkubwa, nayo ni kuchagua na kufunga matairi na rimu mpya katika gari la spoti.

Sababu ya kuandika ni kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo kwa wenye magari. Mahali fulani kijitabu kilisema kwamba rimu mpya sharti ilingane na ya zamani kwa idadi ya matundu ya nati, na pia kwa kipenyo cha duara ambalo matundu hayo yamepangwa juu yake. Idadi ya matundu haikututaabisha. Kwa lile duara tulikosa neno. Tuliandika, tukafuta, tukaandika tena, na mwisho tukaliruka, tukijiambia kwamba msomaji ataelewa. Kijitabu kikatoka kikisema: "Hakikisha gurudumu jipya lina matundu sawa na la zamani."

Sentensi hiyo tulikuja kukutana nayo uso kwa uso Makutupora ya Dodoma, katika kibanda cha fundi pancha. Kijana mmoja alikuwa amenunua rimu nne za aloi, za mitumba, kwa ajili ya gari lake la spoti la Kijapani. Rimu zilikuwa na matundu matano, na gari lilikuwa na boliti tano. Mkononi alikuwa na kijitabu chetu. Fundi aliipachika rimu ya kwanza kwa shida, akazikaza nati kwa vidole, akaitikisa, kisha akazifungua tena.

"Nati hazilali," alisema.

"Lakini mzee, kitabu kimeruhusu. Matundu ni matano kwa matano."

"Mwanangu, kitabu chako kimehesabu matundu. Duara hakikulipima."

Boliti za gari lile zilipangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 114.3. Rimu zilitoka katika gari la Kijerumani, na matundu yake yalipangwa juu ya duara la milimita 112. Tofauti ya milimita 2.3 haionekani kwa macho. Rimu kama hiyo huingia ikilazimishwa, lakini nati hukaa upande, boliti huvutwa zikapinda, na gari likishika mwendo nati huanza kulegea. Mwisho wake gurudumu laweza kutoka barabarani, na wanaolipia kosa la mfasiri ni watu waliomo garini na waliomo njiani. Neno tuliloliruka lilikuwa kinywani mwa fundi siku zote. Hatukuwa tumemwuliza.

Gurudumu kabla ya mpira

Katika karne ya 19 mzigo wa bara ulisafiri begani mwa mpagazi. Misafara ilitoka Bagamoyo na Saadani, ikapanda hadi Mpwapwa, ikaikata nchi ya Ugogo na kuelekea Tabora. Pwani watu walikuwa wakilifahamu gari, neno tulilolipata kutoka Kihindi, na walilifahamu gurudumu. Bara kitu chenyewe kilikuwa hakijafika.

Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay alisimamia ukataji wa njia pana kutoka Saadani hadi Mpwapwa, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapate kupita. Njia ilikatwa, lakini ng'ombe walikufa kwa maradhi yaletwayo na mbung'o. Hivyo jaribio la mapema la kulipandisha gurudumu katika uwanda wa kati lilishindwa na mdudu, na mpagazi akaendelea na kazi yake.

Gurudumu lililokuja kukaa lilikuwa la reli. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Gurudumu la behewa, machoni pa mtu wa kawaida, ni chuma kitupu na ni kitu kimoja. Halina sehemu ambayo abiria au kuli wa stesheni angehitaji kuitaja peke yake. Kwa hiyo neno moja lilitosha kabisa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaodhani kwamba Kiswahili kilikuwa na upungufu kwa kutokuwa na maneno ya sehemu za gurudumu. Lugha haina deni la kukitaja kitu ambacho wenyewe hawajakutana nacho.

Mpira waingia

Gurudumu lenye sehemu lilikuja na upepo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, akiwa Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, alilokuwa amelibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe. Haikupita miaka 20 kabla ya magari ya injini kufika kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa na kiwanda cha Gaggenau, akapita Morogoro na Mpwapwa, akaukata uwanda wa kati hadi Tabora na kwingineko, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki. Ndiye wa kwanza kuvuka Afrika kwa gari kutoka bahari hadi bahari. Njia ile ile iliyowashinda ng'ombe sasa ilipitiwa na gari la injini.

Watu waliliitaje lile vazi la gurudumu? Jina la karibu lilikuwa mpira. Mpira kwa asili ni mmea na utomvu wake, bidhaa iliyofanyiwa biashara kubwa katika pwani na bara, na iliyolimwa katika mashamba ya Wajerumani hadi bei ilipoanguka mwaka 1913. Jina la mmea likapewa kila kitu kilichotengenezwa kwa utomvu huo: mpira wa kuchezea, mpira wa kumwagilia bustani, mpira wa daktari, na mpira wa baiskeli. Ni neno karimu mno, na ukarimu wake ndio uliolinyima nafasi ya kuwa istilahi. Mtu akisema mpira umepasuka, msikilizaji hana budi kutazama kama yuko uwanjani, bustanini au barabarani.

Hapo ndipo yalipopata nafasi maneno ya kutoholewa: tairi, tyubu, rimu, spoki, valvu na pancha. Tunaamini kwamba yalienezwa zaidi na baiskeli kuliko gari, kwani baiskeli ilimfikia mwalimu, karani na mkulima, na kila aliyeimiliki alilazimika kuifahamu. Maneno hayo hayakuletwa na kikao chochote. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa lililoanzishwa mwaka 1967, yalikuta mengi katika hayo yamekwisha kujijengea nyumba. Hata ngeli zilikwisha kugawanywa na wasemaji: wengine husema tairi limepasuka, wengine tairi imepasuka. Usanifu umelikubali lile la kwanza, gereji nyingi bado hutumia la pili, na gari hutengenezwa vivyo hivyo. Lakini kiwanda cha matairi cha General Tyre kilipoanza kazi mjini Arusha katika miaka ya mwanzo ya 1970, hapakuwa tena na mtu aliyeliona neno tairi kuwa la kigeni. Kiwanda kilisimama miaka ya mwisho ya muongo wa 2000, neno likabaki.

Gari la spoti liitweje?

Wasomaji wanaweza kuuliza kwa nini tuchague gari la spoti badala ya lori au basi, ambayo ndiyo magari ya wengi. Tumelichagua kwa sababu katika gari hilo kosa dogo la kipimo hujitokeza haraka. Gari hilo huenda kasi, hukata kona kwa nguvu, na nafasi kati ya tairi na bodi ni finyu.

Isitoshe, magari hayo yamo katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1974 yakawa ya Kenya peke yake. Mashindano hayo yaliitangaza kwa ulimwengu mzima ile safari ya Kiswahili. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, yalishindwa na Datsun 240Z, gari halisi la spoti. Mwaka 1973 dereva wake Shekhar Mehta alilingana alama na Harry Källström, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama.

Jina la aina hiyo ya gari bado linaleta mabishano. Gari la michezo ni tafsiri ya neno kwa neno, na humfanya msomaji afikirie basi la kuchukulia wachezaji. Gari la mbio lafaa zaidi kwa gari la mashindano lisiloruhusiwa barabarani. Mwendokasi lingefaa, lakini tangu mwaka 2016 wakazi wa Dar es Salaam wamelitoa kwa mabasi yao, na si busara kuwanyang'anya. Sisi tumetumia gari la spoti, kama wasemavyo wenye nayo.

Istilahi katika kazi yenyewe

Sasa tuifuate kazi hatua kwa hatua, tukiangalia ni wapi neno lipo, wapi limechanganywa, na wapi halijasajiliwa.

(a) Sehemu za gurudumu. Gurudumu ni kitu kizima kinachofungwa garini. Rimu ni chuma au aloi yake. Tairi ni mpira unaovikwa rimu. Tyubu ni mfuko wa upepo wa ndani, ambao magari mengi ya leo hayana. Wengine huita rimu ringi. Kila jina lina doa lake: rimu ni pia karatasi 500, na ringi ni pia pete za pistoni. Kwa kuwa ringi za pistoni zimo katika gereji hiyo hiyo, na karatasi hazimo, tunaona rimu ndilo lenye hatari ndogo. Mfasiri akiandika "badilisha gurudumu" wakati kinachotakiwa ni tairi, amemwambia mwenye gari anunue mara mbili ya anachohitaji.

(b) Ukubwa wa tairi. Ubavuni mwa tairi huandikwa, mathalani, 195/70 R 14. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo. R ni alama ya muundo wa rediali. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Vipimo vya mataifa mawili vimo katika maandishi mamoja, na mfasiri asijaribu kuvisawazisha, kwani dukani tairi huombwa hivyo hivyo.

Datsun 240Z ilitoka kiwandani na matairi yenye upana wa milimita 175 juu ya rimu za inchi 14. Wakati ule asilimia haikuandikwa, na ilichukuliwa kuwa 82 hivi. Tukipiga hesabu, kipenyo cha tairi lile zima kilikuwa kama milimita 643. Wengi baadaye walilibadili kwa 195/70 R 14, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 629. Ni pana zaidi, lakini ni fupi kwa asilimia 2 na kidogo. Mshale wa mwendo ukionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda 98 hivi. Kwa hiyo upana na kimo ni maneno mawili yasiyoweza kupokezana, na neno "ukubwa" halitoshi badala ya lolote kati yake.

(c) Herufi ya mwendo na namba ya mzigo. Herufi S ni ya tairi linalostahimili mwendo wa kilomita 180 kwa saa, H ni 210, na V ni 240. Anayeendesha gari la spoti asilishushe cheo. Kuna pia tarakimu nne za umri: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na kashata nzuri na huku mpira wake umezeeka. Kashata, kwa mafundi tuliowasikiliza Makutupora, ni yale matofali ya mpira yanayoshika barabara, na yakiisha tairi huwa kipara. Hatujui istilahi ya kamati ambayo ingeeleza jambo hilo vizuri kuliko wao, kwa jina la kitamu kinachokatwa vipande sinianiani.

(d) Vipimo vya rimu. Hapa ndipo tulipoanguka. Mbali na upana na kipenyo, rimu ina duara la nati, lile la milimita 114.3, ambazo ni inchi nne na nusu kamili. Ina tundu la kati, linaloingia kwenye habu. Likiwa kubwa kupita kiasi huwekewa pete ya kujazia. Ina pia kitako, yaani uso unaoegemea habu. Kitako kikiwa upande wa nje wa mstari wa kati, rimu huzama ndani ya bodi. Kikiwa upande wa ndani, rimu hutokeza nje. Mafundi husema "rimu hii inazama" na "ile inatokeza", nasi tunapendekeza kipimo hicho kiitwe mzamo. Rimu inayozama mno hugusa breki au springi, na inayotokeza mno hukwaruza bodi na kuchosha beringi.

(e) Kufunga. Habu isafishwe kutu. Nati zianzwe kwa vidole, zilale, kisha zikazwe kwa msalaba, yaani kila nati ikifuatwa na ya upande wa pili, na mwisho zikazwe kwa spana ya kipimo. Rimu za aloi mara nyingi hutaka nati za umbo jingine, kwa sababu tako la nati lenye umbo la pia halilali katika tundu bapa. Zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ikiwa yamenunuliwa matairi mawili tu, mazuri yafungwe nyuma. Kuhusu upepo, vitabu vya fizikia vina istilahi nzuri ya kanieneo, iliyounganisha kani na eneo. Katika darasa ibaki hiyo. Katika kijitabu cha dereva tuandike upepo, na tuongeze kwamba hupimwa tairi likiwa baridi.

Hitimisho

Tumeona kwamba gurudumu lilikuwa neno timilifu wakati kitu chenyewe kilikuwa kimoja, na likapungua kilipogawanyika. Tumeona pia kwamba mgawanyo wa majina ulifanywa kwanza na watu wenye grisi mikononi, na kamusi zikafuata. Katika hilo hamna aibu kwa kamusi. Aibu ni ya mfasiri anayefika mahali penye pengo akapita kimya, kwa maana pengo la istilahi huweza kujazwa kesho, lakini sentensi iliyorukwa haionekani na mtu yeyote.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, gurudumu, rimu na tairi yatumiwe kwa maana zake tatu na yasipokezane katika nyaraka za serikali, vitabu vya ufundi na mitihani. Pili, duara la nati, kitako, mzamo, kashata, na kitenzi kulala kwa maana ya nati kukaa sawasawa katika tundu lake, yachunguzwe na Baraza kwa nia ya kuyasanifu. Tatu, mfasiri wa jambo la ufundi, kabla hajaunda neno au hajaruka sentensi, aende kwanza kwa fundi.

Sisi tulikwenda tumechelewa. Kijana wa Makutupora alizirudisha zile rimu dukani, akapewa nyingine za milimita 114.3, na fundi akazifunga jioni ile ile. Kabla hatujaondoka aliomba kalamu yetu, akakifungua kijitabu mahali pale palipokuwa na upungufu, na pembeni akaandika maneno matatu kwa herufi kubwa: PIMA NA DUARA. Katika chapa ya pili tumeyaingiza kama alivyoyaandika.